Roho Mkononi

Wausau, Februari. Theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha.
Pahoua Lor amekaa kwenye kile kiti cha kijani
chenye springi moja inayomfinya kila mgeni.
Dakika kumi na moja bila neno.
Nimezihesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu
bila kuonekana nahesabu.

Faili linasema: ajali ya gari, Novemba, barafu barabarani.
Linasema: usingizi haba, hisabati imeporomoka, hali chakula cha mchana.
Kocha wa mpira wa wavu ameongeza kwa wino mwekundu:
Anakataa kukata nyuzi.

Ni nyuzi za pamba, zilikuwa nyeupe.
Sabuni na jasho vimezitia kijivu.
Tisa, labda kumi, mkono wa kushoto.

"Bibi anasema," anaanza, kisha anautazama mlango.
Niufunge? Anaitikia kwa kichwa.
"Bibi anasema roho yangu moja ilibaki kule.
Breki zilipolia ikashtuka, ikakimbilia msituni.
Waliiita mlangoni kwetu, kwa kuku na yai na ubani,
wakanifunga hizi ili isitoke tena.
Lakini mimi naona haikurudi."
Halafu, kwa sauti ya chini:
"Utaandika kwamba nina wazimu?"

Mimi, Geraldine Zastrow, ni binti wa mchungaji wa Kilutheri.
Chini ya sweta nimevaa msalaba wa marehemu mama.
Sala ilikuwa tayari mdomoni, ya moto kama chai,
nikaimeza. Iliniunguza ikishuka.
Kiti hiki kimenunuliwa kwa kodi ya wanaosali na wasiosali,
na ya baba yake Pahoua, wa zamu ya usiku kiwandani.
Tena mtoto wa miaka kumi na mitano
atamwambiaje hapana mwenye ufunguo wa ofisi?
Ombi langu lingekuwa amri iliyovaa adabu.

Kulikuwa na kishawishi cha pili, chenye koti jeupe:
ni mshtuko tu, Pahoua, ni ubongo tu.
Hiyo "tu" huingia nyumbani kwa mtu na ufagio
ikatupa nje hata picha za ukutani.

Nikauliza lile swali ambalo lazima niulize, la kufa.
Hapana, akasema. Nikaamini. Nikaandika.
Kisha nikauliza jingine, lisilo kwenye fomu:
"Hiyo iliyobaki kule,
ukiifikiria, inafanya nini sasa hivi?"

Akakaa kimya. Basi la njano likapita nje.
"Inasikia baridi," akasema. "Haikuchukua koti."
Hapo ndipo alipolia, miezi mitatu yote kwa mpigo,
na mimi nimekaa roho mkononi,
mbele ya mtoto mwenye yake mkononi kwelikweli,
kwa mafundo tisa.

Tulipatana nimwambie nini kocha, na nini nisimwambie:
nyuzi zinabaki, kitambaa juu yake wakati wa mchezo, basi.
Nimpigie bibi simu? Atafikiri, akasema.
Nikajaribu kulitamka jina la yule anayeita roho.
Nililivunja vipande vitatu. Akacheka,
akanisahihisha mara mbili, akachukua kibali chake, akaenda darasani.

Jioni njia yangu hupita kwenye ile kona.
Nikasimama. Hapa si shuleni; gari langu, mdomo wangu.
Nilitaka kusali, sikujua nianze na neno gani,
nikageuza gari kidogo, nikawasha taa kubwa
kuelekea kwenye misonobari, nikakaa.

Gari la kukwangua theluji likaja nyuma yangu polepole.
Dereva akashusha kioo. "Umekwama, mama?"
"Hapana," nikasema. "Dakika moja tu."