Gunia na Maji

Julai, mtaa wa Sinde. Maji ya ndoo yanauma meno.
Mama Tusekile anagonga mlango kwa funguo:
"Daktari, kodi."
Bado sijawa daktari. Kodi, ndiyo, ipo.

Posho ya kujikimu iliingia jana usiku
nikiwa wodi ya watoto, nahesabu pumzi za kichanga
dakika nzima, kama tulivyofundishwa, bila kukadiria.
Simu ikatetemeka mfukoni. Nikamaliza kwanza:
sitini na nane. Nikamwita sista.
Ndipo nikahesabu fedha.
Zimekatwa.

Asubuhi, dirisha namba nne. Bwana Kilufya,
skafu shingoni, anaigeuza barua ya ufadhili
kama mtu atafutaye mfupa katika samaki.
"Ada inalipwa chuoni, haipiti kwako. Hiyo tuiache.
Ila hii ya kula na kulala inashika mkono wako.
Tuiite nini, msaada au ujira?"
Iite ugali, nikasema.
Hakucheka. Fomu haina kisanduku cha ugali.

"Usiku unafanya kazi wodini?"
Najifunza.
"Na mgonjwa anajua kwamba unajifunza?"

Hapo nikatazama ukungu unavyoshuka Loleza.

Kwetu Rungwe mama huchuma chai umande ungalipo.
Kwenye mizani mpimaji hutoa kilo ya gunia,
kisha hutoa na ya maji.
Kwa gunia mama hagombi, gunia analiona.
Kuhusu maji huuliza kila siku, mwaka wa ishirini sasa:
"Nani aliyapima?"

Mimi ni binti yake. Nikatandaza risiti juu ya kaunta:
kodi ya chumba, fotokopi, mkaa,
dawa ya mafua yangu mwenyewe,
na boksi moja la glavu,
maana la wodini liliisha Jumanne na watoto hawakuisha.
Hili ndilo gunia, nikamwambia. Nionyeshe maji.

Akaishika ile ya glavu. Akaisoma mara mbili,
bei, tarehe, mpaka jina la duka.
"Mke wangu alijifungua Aprili," akasema,
sentensi ikaishia hapo.
Kisha akaandika kwa wino mwekundu:
*Ipelekwe juu kwa ufafanuzi.*
Muhuri. Wiki mbili. Anayefuata!

Jioni Mama Tusekile yuko getini, kanga juu ya sweta.
"Kodi?"
Ipi, nikauliza.
Akanitazama kama nina homa.
Nikampa nusu. Akaihesabu akiwa amenipa mgongo, kwa heshima.

Usiku mama akapiga, mtandao unakatikakatika,
nyuma yake mvua inacheza na bati.
Nikamweleza yote, barua, fomu, wino mwekundu.
Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu:
"Sasa mwanangu, wamekata gunia au wamekata maji?"

Bado wanapima, mama.
Bado wanapima.