Mtunza Jezi

Mwenyekiti amesema redioni ana imani naye kamili.
Basi nimejua.
Watatu waliopita waliaminiwa hivyo hivyo,
na Jumatatu nikatumwa kuwadai funguo.

Mimi ni wa jezi tu, hapa Kakamega.
Nafua, naanika, mvua ya saa tisa inafua tena.
Lakini mtu wa jezi huona:
juzi chai ya benchi ilikuja bila maziwa,
na mweka hazina akasema "mwalimu yule"
naye amesimama pale pale, kikombe mkononi.

Mechi sita, pointi mbili.
Jukwaani wanamtaja mrithi: wa Mumias, la, yule wa Busia
aliyeshusha timu mbili daraja
lakini ana suti.
Mishahara ya miezi mitatu haitajwi,
wala beki wetu wa kushoto, Shitanda,
anayetembea kutoka Shinyalu
na uji wa jana tumboni.

Jioni nimemkuta kocha Mudanya peke yake
akiokota koni kwenye tope.
Hiyo kazi yangu, nikamwambia.
Akacheka, akanipa moja, akabaki na tisa.
"Kesho mkumbushe Shitanda asirudi nyuma mapema."

Mkumbushe. Mimi.

Usiku huu nimelifua koti lake,
nikalitundika karibu na jiko likauke upesi.
Kifuani, chini ya herufi zake,
yapo matundu ya sindano ya wale watatu.
Wembe wa kufumulia uko kabatini.
Sijaushika
hadi nitumwe.