Ngazi ya Kamba

Februari, msimu wa sungura ukifungwa,
Eutimia huitoa ngazi yake ghalani.
Ameisuka mwenyewe
kwa mikono iliyogawa barua miaka thelathini
katika vijiji hivi vya La Mancha,
ambako kila mlango anaujua, na kila kisima.

Hatuna ofisi. Tuna gari la mkate la Fermín
linalonuka unga na manyoya yaliyolowa,
tuna daktari wa ng'ombe anayetushonea kwa deni,
na daftari la shule: kisima, tarehe, rangi,
mwenyewe, kama anajulikana.
Safu hiyo haijajazwa hata mara moja.
Kijiji ni kidogo. Watu huzikana.

Mbwa wa mbio, hapa wanamwita galgo:
kiuno cha nyigu, pua ndefu,
miguu ambayo Desemba iliuaibisha upepo.
Akipitwa na sungura mara mbili
basi, hana kwao.
Risasi inauzwa. Kisima ni bure.

Hiki cha leo kilikauka kabla sijazaliwa.
Eutimia kalala kifudifudi ukingoni, anasikiliza.
Fermín kazima gari, kavua kofia.
"Yupo," anasema mama yule. "Anahema."

Nikashuka mimi, mwenye mabega,
baridi ikinipanda suruali,
kipande cha mbingu juu yangu
kikipungua hadi kikawa sahani, kisha kikombe.

Chini, macho mawili.
Hakubweka. Hakuuma.
Alitikisa mkia,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi:
mguu umevunjika, siku tatu hajala,
akamtikisia mkia mtu.

Nikampapasa shingo, nikaufikia ukanda.
Fundo lake lilipinda mara mbili, ncha imefichwa ndani.
Fundo hilo nililifundishwa nikiwa na miaka sita,
jikoni kwetu, juu ya goti la baba.

"Vipi huko?" wakaita.
Sauti ilichelewa kunitoka.
"Vuteni," nikasema. "Polepole."

Garini alilala juu ya magunia,
kichwa chake kwenye kiatu changu.
Eutimia alinipa daftari na kalamu, akatazama dirishani,
kama mtu aliyewahi kubeba barua nyingi mbaya
na kujua wakati wa kutobisha hodi.

Jike. Kijivu. Hai.
Kwenye ile safu tupu
nikaandika jina la ukoo peke yake.
Ni letu sote wawili, mimi na baba.