Mshale Uliobaki Nyuma

Nilifika Arua na programu yangu begani,
miaka miwili ya macho mekundu,
nimejaa uhakika wa fundi ambaye bado hajaona
mtu akikalia kiti alichokiunda.

Bi Asibazuyo, mtunza stoo ya dawa,
alifuta mikono kwenye koti, akavuta kipanya.
Nikamwambia: chora njia ya chanjo
kutoka friji hii hadi zahanati za kambini.
Kisha nikajiapiza kunyamaza.

Kunyamaza! Hebu jaribu wewe
kumtazama mtu akitafuta kitufe
ulichokificha kwa mkono wako, ukaona umepamba.

Akachora kisanduku: Friji.
Akachora cha pili: Pikipiki ya Ondoma.
Akavuta mshale katikati, ukakaa.
Halafu akasogeza pikipiki kidogo, apate nafasi,
kama mtu asogezavyo sufuria mekoni.
Kisanduku kikaenda.
Mshale ukabaki
umenyoosha kidole, unaonyesha mahali
ambapo hapana kitu.

"Huu wako hauna kwao?"
Nikauma ulimi.

Akataka kurudi nyuma. Hatua moja tu.
Menyu ikashuka kama mlango wa duka jioni,
vipengele arobaini na vitatu;
nilivihesabu naye, kwa mara ya kwanza.
"Sanidi sifa za kiunganishi,"
akasoma kwa sauti, polepole,
kama anayesoma barua ya mahakama.
Akabofya.
Kila kitu kikawa zambarau.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.
"Nisamehe," akasema, "mimi na mashine hatupatani."
Yeye! Aniombe radhi mimi!
Mwanamke anayejua kwa mngurumo wa friji
kwamba joto limepanda nyuzi mbili,
anauombea msamaha mshale wangu.

Akachukua boksi la glavu, akalipasua,
akachora upande wa ndani kwa kalamu ya bluu:
friji, pikipiki, kijito kisichovukika mwezi wa nane,
duka la Khemisi wanapobadilisha barafu,
mstari umepinda, mwingine umekatwa mara mbili.
Dakika nne. Nikaelewa yote.
Hata Ondoma, aliyeingia na helmeti kichwani,
aliinama, akatia kidole:
"Hapa umesahau mafuta."
Wakaanza kubishana juu ya lile boksi,
na kompyuta yangu pembeni ikazima kioo, ikalala.

Boksi lile nililibandika ukutani, Ntinda, juu ya meza.
Nikaanza kufuta.
Kwanza vivuli vya visanduku, kazi ya wiki tatu,
nilivyovipenda kuliko ilivyo halali.
Kisha vipengele thelathini na sita vya menyu.
Mshale nikaufundisha tabia ya kupe:
ng'ombe akienda, nawe umo.
"Tendua" nikaiweka juu, peupe, jicho linapotua,
maana asiyejua pa kurudia
hathubutu kwenda.

Mwezi wa tisa nikarudi.
Bi Asibazuyo akachora. Nikangoja, jasho mgongoni.
Akasogeza pikipiki;
mshale ukajinyoosha, ukafuata.
Hakusema kitu. Wala hakuuona.
Alikuwa anamsema Ondoma na mafuta yake,
na mkono unajiendea wenyewe,
unaongeza kijito, unaongeza Khemisi,
na mimi nyuma ya kiti chake
nikala furaha yangu kimyakimya,
kazi ya miezi mitano ikipita bila kutazamwa.

Halafu akageuka, miwani puani:
"Lakini hizi herufi,
umewaandikia sisimizi?"

Nikatoa daftari.