Supu ya Kabalagala

Usiku wa kwanza nilikuwa na sentensi moja,
niliyofundishwa na simu njia nzima kutoka Mutukula:
Gogi ppejuseyo. Toa nyama, tafadhali.
Nikaitamka vizuri, hata na shingo nikainamisha.
Mhudumu alinitazama kama niliyemkoholea usoni.
Alikuwa Mganda wa Luweero.
Nikarudia kwa lugha yake: Ssirya nnyama.
"Aaa, kumbe! Basi nikuletee kuku."

Mimi nauza vanila. Nakuja Kampala mara mbili kwa mwaka,
na mnunuzi wangu, Bwana Noh,
hajadili bei mahali pasipo na vijiti.
Kwa nini sili nyama?
Baba alikuwa na bucha pale Kashai, Bukoba.
Alfajiri mimi ndiye niliyeshika tochi.
Yaliyobaki ni yangu.

Usiku wa pili, Bugolobi.
Bakuli la jiwe likaja linanguruma,
wali chini, juu karoti, figili, mchicha, uyoga,
kila kimoja na pembe yake
kama ndugu waliogombania shamba wakakutana msibani.
Katikati, yai likinikodolea.
Nikamhamishia Bwana Noh.
Chini ya yai, nyama ya kusaga.
"Kidogo tu," wakasema, "ya harufu."
Kabichi yao nyekundu nilikwisha kuipenda,
inauma ulimi kisha inauomba radhi.
Kosa langu nikauliza.
Ndani mna uduvi.
Bwana Noh alicheka mpaka akafuta miwani,
akashusha bei ya kilo
kana kwamba asiyekula nyama hajui pia kuhesabu.

Usiku wa tatu, Kabalagala,
ghorofani, juu ya duka la matairi.
Supu nyeupe, vipande vya tofu vikielea, hakuna mfupa,
hakuna jicho.
Nikainua kijiko. Harufu ile
ningeijua hata usingizini.

"Dada, acha hiyo."
Mpishi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi.
"Wao wanaiita maji. Ni mukene.
Kila asubuhi nawachemsha, kichwa na mkia, kisha nachuja.
Akishachujwa, hana jina kwenye menyu."
Mastura, mzaliwa wa Bombo;
Kiswahili chake cha kambini,
kimenyooka kama kamba ya bendera.

Akanipitisha nyuma, penye joto.
Bibi Ok-sun, mwenye mgahawa, juu ya kreti la soda
anamenya vitunguu saumu, hainui uso.
Wakasemezana. Mastura akanigeukia:
"Anasema mama yake alipika hekaluni, mwaka wa njaa.
Huko hata kitunguu hakikuvuka mlango."
Bibi akasukuma saumu pembeni,
akanawa mikono polepole, mpaka kwenye viwiko,
akafunua mtungi wa maharage yaliyochacha,
meusi, yananuka kama mvua kwenye ghala la kahawa.
Dodo ya soko la Nsambya. Uyoga. Ufuta wa kutwanga.
Maji ya bomba, maji kweli.
"Mimi huongeza na karanga," Mastura akaninong'oneza,
"yeye akisinzia."
Tukala tumesimama, watatu, sufuria moja.
Sikuuliza kitu.

Ilikuwa Novemba.
Nje, kwenye paa la jirani, taa kali zimewashwa,
mabati yamesimamishwa juu ya mapipa,
na nsenene wanaanguka, tiki, tiki, tiki,
kama mchele unaopepetwa na mtu asiye na haraka.
Mastura alikuwa na beseni lake, ameshanyonyoa mbawa.
Akatia chumvi. Wakaanza kulia kwenye kikaango.
"Na hawa je?" akauliza. "Hawa hawana damu."

Kwetu pia tunawala. Nilikuwa nikiwala kiganja kwa kiganja,
nikienda shule. Miaka mitatu sasa.

Mate yakanijaa.
Kule mezani Bwana Noh ananiita, amepandisha bei,
anataja na tarakimu.
Sikumjibu yeye.
Sikumjibu Mastura.