Marekebisho ya Muhtasari

Mahali: ukumbi wa chakula, makao ya watoto, mlimani Igogo.
Tarehe ni ile ile. Mwandishi ni yule yule,
mimi, mlezi wa zamu ya usiku,
niliyepewa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Kifungu cha nne niliandika:
"Watoto walisikilizwa. Watoto walishukuru."
Naomba kifutwe.

Kweli walishukuru. Huanza hivyo.
Mtoto aliyelelewa na wengi hujifunza asante
kabla hajajifunza sitaki.
Lakini baada ya asante pakawa kimya,
sami wa ziwani wakagonga taa, wakadondoka daftarini,
mwenyekiti akatazama saa yake,
ndipo Maduhu akasimama.

Maduhu, miaka kumi na mmoja, kaptula ya mtu mwingine.
Alisema: mnaingia bwenini bila hodi.
Alisema: hata penye msiba watu hubisha.
Mhasibu alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.
Kicheko sikukiandika. Naandika sasa: mhasibu alicheka.

Minza hakuinuka, aliongea na meza.
Mdogo wake, Shija, alipelekwa kwa shangazi, Sengerema.
Uamuzi ule una sahihi tano na muhuri wa buluu,
muhuri niliugonga mwenyewe.
Minza aliujua uamuzi kwa kukuta godoro limekunjwa.
Tangu hapo kila Jumamosi hupanda mawe ya nyuma ya jiko,
hukitazama kivuko cha Kamanga kikienda,
hukitazama kikirudi.
"Sisemi mmrudishe," alisema.
"Nasema tu mngeniuliza."

Asiye na mwana aeleke jiwe.
Sisi Igogo mawe tumejaliwa, na wana tunao,
na mgongoni tumebeba mafaili.

Mengine yalisemwa kwa mpigo, nayaweka yalivyokuja:
dagaa wana mchanga;
shuleni mwalimu hutangaza "wa kituoni simameni"
ndipo agawe madaftari ya msaada,
na darasa zima hugeuka kutazama;
dawa za Limi zisiitwe kwa sauti koridoni;
na lile sanduku la maoni lina kufuli,
ufunguo anao nani?

Ufunguo ninao mimi.
Nilifungua usiku ule ule, tochi ya simu mdomoni.
Ganda la pipi, buibui,
na karatasi moja ya mwaka juzi, penseli imefifia:
"Naomba kuongea na mtu."
Haina jina, ila mwandiko naufahamu.
Mwenyewe siku hizi anauza vocha Buzuruga.
Tukikutana hunisalimia vizuri.
Hunisalimia vizuri mno.

Sijui kama marekebisho haya yatapitishwa.
Mwenyekiti ameniambia muhtasari si mahali pa machozi,
nami nimemjibu hakuna aliyelia,
hilo nalo liingie.

Jana, kabla ya taa kuzimwa, nilibisha hodi bwenini.
Nikangoja. Walikawia kusudi, nadhani,
kama mtu anayeonja kitu kipya asikimalize upesi.
"Karibu."
Nikakaa kwenye ncha ya kitanda, nikawasomea yote,
kuanzia mahali na tarehe hadi orodha ya waliohudhuria.

Ng'walu akanyoosha mkono,
yeye ambaye kikaoni hakutoa neno.
"Hapo mwisho umesoma Mwalu," akasema.
"Jina langu linaanzia puani."

Miaka sita.
Kadi ya kliniki, ripoti za shule, mlango wa kabati lake:
Mwalu, Mwalu, Mwalu, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Nikalitamka.
Wenzake wakachekea ndani ya mashuka.
Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasikiliza
kama fundi asikilizavyo injini ya boti.

"Bado," akasema. "Tena."