Gumba

Simu haikitambui kidole changu.
Jaribu tena, inasema. Nakifuta kwenye aproni,
nakipuliza, nakibandika. Jaribu tena.
Mara ya tano inanifungia nje ya maisha yangu
kwa nusu saa,
kama mtoto aliyefukuzwa mezani akanawe mikono.

Miaka thelathini na minane nachonga picha
kwenye mbao za mtufaha, hapa hapa Tartu,
ghorofa ya kwanza, dirisha linaloangalia gereji.
Patasi, wino, mafuta ya taa, sabuni ya mchanga.
Mistari ya gumba ilikwenda na maji ya sinki
kidogo kidogo, wala sikuiona ikiaga.
Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema.
Hawakusema kimoja hicho kitakuja kubeba benki,
daktari, mlango wa chini,
na picha za mazishi ya mama.

Kaupo, mwanangu, kanipigia kutoka Pärnu:
"Weka basi neno la siri, mama. Refu.
Lenye herufi kubwa na namba. Na si jina la paka."
Nikaweka.
Nikalisahau kabla viazi havijaiva.

Chini yangu anaishi Helve, themanini na mmoja.
Siri zake kaziandika kwa penseli nyuma ya risiti,
kazificha kwenye kopo la unga wa shayiri,
na jengo zima linajua habari za kopo.
Alhamisi alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya asali:
"Mimi ni wa benki, bibi.
Kuna mwizi anazinyemelea fedha zako."
Mwizi akimtangaza mwizi.
Wakaongea saa nzima na robo. Helve akamsimulia
goti lake, marehemu Endel, bei ya siagi,
na theluji ya mwaka ule iliyofika madirishani.
Namba aliyoitaka hakumpa:
miwani ilikuwa jikoni, na goti, nimeshasema, lilikuwa linauma.
Mwishowe kijana alikata simu mwenyewe.
"Mtu mwema," Helve ananiambia. "Alisikiliza.
Unadhani atapiga tena?"
Sikujua nicheke au nimkumbatie.
Nikamwambia asimpokee.
Akanisogezea biskuti, hakusema kitu,
nikaila ikiwa kavu mpaka mwisho.

Usiku, nikiwa bado nimefungiwa,
nikafanya upuuzi: nikakipaka kidole wino mweusi,
nikakibonyeza kwenye karatasi nzuri
niliyoitunza kwa maonyesho ya Machi.
Hakuna mistari. Hakuna vile viduara
vinavyosemwa kuwa ni vyangu peke yangu duniani.
Doa tu, laini,
kama mto Emajõgi ulioganda usiku
kabla ya mtoto wa kwanza kuukwaruza kwa viatu vya barafu.
Nikasogeza taa. Pembeni, kushoto, kovu:
ile Oktoba Kaupo alipopiga hatua ya kwanza,
nikageuka kumwona, patasi isigeuke nami.
Simu haijawahi kuniuliza habari za kovu.

Asubuhi nikashuka kutupa taka, mawazo mbali.
Mlango ukajifunga nyuma yangu.
Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
soksi, ndoo tupu, na kidole kisichofaa.
Taa nyekundu. Jaribu tena.
Nikagonga dirisha la Helve kwa kiwiko,
maana wino ulikuwa haujatoka mikononi.

Pazia halikutikisika. Nikasikia goti likilalamika ukumbini,
kisha kitasa, kisha joto la uji.
"Hukuuliza ni nani," nikamgombeza. "Wezi ni wengi siku hizi."
"Nani mwingine," akasema,
"hubisha hodi kwa kiwiko?
Ingia, baridi inaingia.
Na hicho kidole
kakinawe kabla hujanigusia siagi."